Msitu wa Bwana Inconnu

Tarehe kumi na mbili Juni, asubuhi, nilikuwa nageuza jibini katika kibanda nilichojenga nyuma ya nyumba yangu hapa Karuba, katika milima ya Masisi. Kazi hiyo haitaki akili nyingi, inataka tu mikono safi isiyo na haraka: unainua gurudumu moja la jibini, unalipangusa kwa kitambaa cha maji ya chumvi, unalilaza upande wa pili, unahamia la jirani yake. Siku tatu za juma nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Zilizobaki ni za ng'ombe wanne na rafu hizi. Nilikuwa nimefika rafu ya tatu niliposikia gari likizimwa mlangoni, na sauti ya mwanamume ikauliza, "Dada Furaha eko?" kwa namna ile ya kuuliza ya mtu ambaye amekwisha kuingia. Sauti hiyo nilikuwa sijaisikia kwa karibu miaka ishirini. Niliitambua kabla sijageuka, na nasema bila aibu kwamba sikushangaa. Nilichukia, palepale, kama mtu aliyeguswa kwenye kidonda alichodhani kimefunga.

Alikuwa Ghislain, mwandishi wa programu za kompyuta, ambaye kwa mwaka mmoja wa ujana wangu alikuwa mkuu wangu wa kazi kule Walikale. Wote tulimwita Ingé, kama watu wa kwetu wanavyomwita kila injinia, na jina hilo alilivaa kama wengine wanavyovaa koti hata wakati wa joto. Sasa ndevu zimeingia mvi na tumbo limetangulia, lakini alikaa vilevile, miguu imetanuliwa, akajikatia jibini yangu kabla ya kuniuliza habari. "Njo wewe huyu?" alisema akitafuna. "Ungali unaweza kuandika code, ao maziwa ilisha kukuharibu kichwa?" Nilimjibu kwamba nafundisha. "Unafundisha nini? Siku hizi mashine inaandika yenyewe. Mimi minasema tu, yenyewe inaandika. Sisi bote tumekuwa bachungaji, dada. Wewe ya ngombe, mimi ya mashine." Alicheka peke yake. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi moja yenye mihuri miwili, akaiweka juu ya meza yangu iliyolowa maji ya chumvi.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kueleza, na alilieleza vizuri. Kipaji hicho siwezi kumnyima. Orodha ya misitu ya koo tuliyoiingiza kwenye kompyuta mwaka ule wa Walikale imefufuliwa. Kuna mradi mpya, nao utatoa vyeti vya ardhi kwa kufuata orodha hiyo. Kila msitu wenye mwenyewe utapata cheti. Kila msitu usio na mwenyewe anayejulikana utahesabiwa kuwa wazi, na atakayeuomba atakodishiwa. Ila sheria inataka aliyeingiza taarifa athibitishe kwa sahihi yake kwamba aliandika kile alichoambiwa na wahusika. Aliyeingiza taarifa nilikuwa mimi. "Ni formalité tu," alisema. Nilimwuliza, "Na Bwana Inconnu?" Hapo Ingé alicheka hadi akapaliwa. "Ule mukubwa! Eko, angali eko. Njo tajiri kuliko bote ba Walikale!" Nilimwambia aiache karatasi. Aliniambia niwahi, akachukua kipande kingine cha jibini cha njiani, na akiwa mlangoni akaongeza: "Usifikiri sana, dada. Kufikiri sana njo kulikuchelewesha mu maisha."

Nimefikiri sana. Mwaka ule nilikuwa na diploma mpya kutoka Goma na viatu vilivyobanduka soli kwa matope ya juma la kwanza. Mtu wa milima ya Masisi akishuka Walikale hukosa kwanza upeo wa macho: kwetu unaona ng'ombe wa jirani vilima vitatu mbele, kule unaona mti, na nyuma yake mti mwingine. Ofisi yetu ilikuwa chumba nyuma ya depo ya chumvi, chenye dirisha moja lililotazama ukuta. Ndani mlikuwa na kompyuta tatu, ambazo kila mvua ilipoanza tulizivika mifuko ya plastiki hata kama tulikuwa katikati ya neno, kwa sababu bati lilivuja mahali papya kila mara. Chumvi iliingia kila mahali. Ilikuwa chini ya vidole, kwenye vibonyezo, kwenye mkate. Nje alikaa Papa Bosco, mwindaji wa zamani aliyepewa kazi ya kulinda jenereta, na mngurumo wa jenereta hiyo, ukichanganyika na wa ndege ndogo zilizokuja kuchukua mawe ya madini kutoka machimbo ya Bisie, ulitufanya sote tuongee kwa kupiga kelele. Nadhani Ingé aliipenda kelele hiyo. Ilimpa sababu ya kutosikia.

Alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na aliyatoa mezani kama mtu anayetupia kuku punje. Tulikula mchana pamoja, bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyoelea kwenye mafuta ya mawese, mara nyingine samaki wa mtoni, na kila tonge lilikuja na fundisho lake. Kompyuta, alisema, haina kabila, kwa hiyo ikipewa nchi itaiongoza vizuri kuliko mtu yeyote. Wazee wa kimila walikuwa programu ya zamani ambayo hakuna aliyethubutu kuizima. Kazi ya mikono ilikuwa adhabu ya wasiojua hesabu. Hili alilisema huku akila samaki aliyevuliwa, akaondolewa magamba na akapikwa na mikono ya watu wengine. Na juu ya wanawake: "Bamama bako bazuri sana kwa kuingiza data. Vidole byabo biko na subira. Lakini code? Code inataka muntu wa kukata maneno, wa kuamua." Papa Bosco, aliyekula akiwa ameegemea mlango, alimwuliza siku aliposema hayo, "Ingé, na ile jenereta, inataka muntu wa namna gani? Maana jana ulishindwa kuiwasha, ukaniita." Nilicheka kwa sauti. Ingé hakucheka, na kwa juma zima nilipewa fomu zenye mwandiko mbaya kuliko zote. Nataka nieleweke, kwa kuwa chuki inayosimuliwa bila ukweli ni uvivu: nilimsikiliza mtu yule. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na sentensi zake fupi nilizibeba nyumbani, nikazisema mbele ya kioo.

Nyumbani palikuwa kwa Mama Bernadette. Alikuwa na nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu karibu na parokia. Mimi nilipewa cha nyuma, kilichopakana na jiko, kwa hiyo nililala na kuamka nikinusa moshi na kusikia maneno. Ukuta ulikuwa wa mbao zilizokauka na kuachana, na kupitia nyufa hizo nilijifunza maisha ya nyumba ile kuliko nilivyoambiwa. Nilimsikia akibishana na bintiye Solange, msichana wa miaka kumi na sita mwenye ulimi wa wembe, kuhusu nani aliacha sufuria ya maji ikakauka motoni. Nilimsikia akiimba sauti ya pili ya nyimbo za kwaya, akikatiza wimbo kumfukuza mbuzi kisha akiendelea palepale alipoachia. Chakula tulikula sote kwenye sinia moja, mimi, yeye, Solange na kaka zake wawili wakubwa waliporudi kutoka msituni. Siku ya kwanza nilipojitafutia sahani yangu aliniondolea mkononi. "Hapa hakuna mugeni," alisema. "Mugeni anakula peke yake. Wewe kunja mikono ya blouse, ingia."

Nilikuwa nimekaa naye miezi minne nilipoelewa kwamba nyumba ile haikuwahi kuwa na mume, na kwamba hilo halikuwa balaa wala aibu. Kwa desturi ya zamani ya Wanyanga, ambayo watu wa baadhi ya koo bado wanaishika huku wakienda misa, binti anaweza kutolewa na baba yake awe mke wa mizimu ya ukoo. Haolewi nje. Anabaki kwao, anazaa na mwanamume anayemtaka, na watoto wake ni wa ukoo wa baba yake mzazi, wana haki yote ya msitu ambayo wangekuwa nayo watoto wa kaka yake. Mama Bernadette alikuwa mmoja wao. Nilimwuliza Mama Bernadette padri alisemaje. Alikuwa akipepeta mchele, hakuinua kichwa. "Padri aliuliza mara moja. Nilimuambia, Mungu anajua kusoma ukoo wetu tangu mbele wewe haujafika. Akanyamaza. Ni muzuri, ule padri."

Zamu ya ukoo wake kuandikishwa ilipofika, alikuja ofisini mwenyewe, amevaa kitenge cha Pasaka, na Solange nyuma yake. Msitu wao ulikuwa mkubwa: ng'ambo mbili za kijito, na miti ambayo baba yake aliipa majina. Mimi niliuliza, yeye akajibu, nikaandika. Jina lake. Jina la baba yake. Mipaka. Watoto. Kisha programu ikafungua kisanduku kilichosomeka: *Jina la mume au baba wa watoto*. Nilimwuliza. Alinitazama kama mtu anayemsikia mtoto wake mwenyewe akiuliza jina la kijiji chao. "Furaha, wewe unalala kwangu. Mimi sikuolewa na muntu. Nilipewa kwa mizimu ya ukoo. Batoto bangu ni ba baba yangu. Andika vile." Nikamwuliza, kwa unyonge, kama wanaume aliozaa nao wanajulikana. "Banajulikana! Mumoja alikufa, mwingine eko na bibi yake kule mutoni. Lakini bale ni banaume tu. Pori haibajue." Nilijaribu kuacha kisanduku wazi. Programu ilikataa, ilitoa mlio, ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba sehemu hii ni ya lazima. Nikaandika jina la baba yake mara ya pili. Ikakataa pia: baba wa mwenye ardhi hawezi kuwa baba wa watoto wake. Mama Bernadette alikisikia kile kimlio mara mbili. "Inalia nini, ile mashine?" aliuliza. "Ina njaa?"

Nilimwomba arudi kesho. Wanawake wa namna yake, na wajane waliokataa kurithiwa, na mabinti waliozaa nyumbani, nilikuwa nao wengi katika rundo la fomu zangu. Nilimweleza Ingé. Alisikiliza akichokonoa meno, kisha akasema lile neno ambalo sijaweza kulisahau, nami nalinukuu kama lilivyo: "Kama muntu haingie mu kisanduku, usiongeze kisanduku. Punguza muntu. Weka Inconnu, tuendelee." Inconnu, kwa Kifaransa, asiyejulikana. Mchana ule alipokwenda kunywa bia na mtu wa depo, nilifungua programu yake. Kosa lilikuwa dogo, na hili ndilo linalonikasirisha mpaka leo: mstari mmoja. Niliondoa ulazima wa kisanduku na kuongeza mahali pa kuandika maneno ya mhusika mwenyewe, marefu kama anavyotaka. Nilijaribu. Ilifanya kazi. Sijui kama nimewahi kufurahia kazi ya akili yangu kuliko nilivyofurahi saa ile, na chumvi imenishika vidole.

Aliligundua asubuhi iliyofuata. Hakunigombeza, angenigombeza ningejitetea. Alimwita Papa Bosco, akamwita mtu wa depo, akageuza kompyuta wote waone. "Muone dada Furaha. Diploma ya Goma. Aliona heri afungulie milango bibi yake ya nyumba, ule mwenye kuolewa na pepo." Mtu wa depo akacheka. Papa Bosco alisema, "Ingé, mama yangu mudogo naye alipewa vile," na Ingé akamjibu, "Basi wewe njo Inconnu wa kwanza," na mtu wa depo akacheka zaidi. Kisha akaufuta mstari wangu mbele yetu, herufi moja moja, akibonyeza taratibu. Ningeweza kuondoka. Barabara ilikuwapo, mbaya lakini ilikuwapo. Nilikaa. Nilijiambia kwamba anajua mambo makubwa nisiyoyajua, kwamba labda programu inahitaji hivyo kwa sababu fulani ya ndani. Haikuwapo sababu yoyote. Wanafunzi wangu wa leo wananiona mkali kwa kuwa nawapunguzia alama kwa kila sehemu ya lazima wasiyoweza kuniambia ni ya lazima kwa nani.

Mama Bernadette alirudi, kitenge kilekile. Nilikuwa nimekwisha kuandika Inconnu. Karatasi ya uthibitisho ilitoka kwenye mashine, yenye maandishi ya Kifaransa na mahali pawili pa sahihi: pake na pangu. Solange siku hiyo alikuwa shuleni. Ndiye angeweza kuisoma. Mama Bernadette alishika kalamu, akaiweka chini, akaniuliza, "Uliandika nini pale, kwa ile kisanduku yenye kulia?" Ingé alikuwa ameketi nyuma yangu, nami nilihisi anasubiri. Nikasema, "Niliandika vile ulisema, Mama." Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, akikanyaga kila moja. Nami nikasaini chini yake.

Miezi miwili baadaye orodha ilichapishwa na kubandikwa ukutani mwa ofisi ya serikali, na ndipo ilipoonekana kazi ya mtu wa kukata maneno. Programu ya Ingé iliunganisha watu wenye jina moja, ili mtu asijiandikishe mara mbili. Na kwa kuwa ilimhesabu baba wa watoto kuwa mwenye haki ya ardhi, iliwakusanya wanaume wote walioitwa Inconnu ikawafanya mtu mmoja. Misitu ya wanawake wale wote ilikuwa ya huyo bwana. Hakuna chifu aliyemkaribia kwa ukubwa wa ardhi. Watu walisimama mbele ya ukuta wakicheka hadi kushikana mabega. "Huyu Inconnu anatoka kijiji gani?" Papa Bosco aliuliza mbele ya Ingé. "Tumupelekee nyama. Muntu mukubwa vile, hatujamusalimia!" Ingé alisema atarekebisha. Hakurekebisha, mkataba ulikuwa unakwisha na ripoti ilikuwa imepelekwa. Lakini kicheko hakikukaa ukutani. Kiliingia shuleni, na Solange akarudi nyumbani siku hiyo na mkono wa shati umechanika, kwa kuwa alipigana na waliomwita mtoto wa Inconnu. Yeye ndiye aliyemsomea mama yake.

Nilisikia kupitia mbao. Solange alisema kwa Kinyanga, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Njo yeye aliandika. Kuko jina yake chini." Nilisikia kijiko kikigonga sufuria, kisha Mama Bernadette akasukuma mlango wangu. Aliingia na sahani: bugali, sombe, kipande kizuri cha nyama. Aliiweka juu ya kitanda changu, na maji ya kunawa kando yake, kwa adabu yote, akatoka. Wale wengine walikula jikoni kwenye sinia. Nilisikia mikono yao. Hivyo ndivyo nilivyokula kwa wiki tano zilizobaki, peke yangu, chakula bora kuliko chao, na hakuwahi kunisemesha jambo lolote lisilo salamu.

Karatasi ya Ingé ilikaa juu ya kabati langu la vyombo hadi mwisho wa Juni. Nilimtafuta Solange kwa simu, nambari yake niliipata kupitia mwalimu mmoja anayefahamiana na watu wa kule. "Ni nani?" Nikasema ni Furaha, yule aliyelala kwao. "Furaha wa mashine," alisema. "Sasa kulibakia kitu gani ya kuandika?" Nilimwuliza juu ya mama yake. Yuko hai, macho yamekwisha, sauti ya pili bado anaiimba. Nilimwuliza juu ya msitu. Watu wamefika mara mbili na vifaa vya kupimia, wakapaka rangi kwenye miti ya babu yake, ng'ambo zote mbili za kijito. Waliambiwa eneo halina mwenyewe. "Kaka yangu aliuliza nani alisema. Balimuonyesha karatasi. Iko na sahihi ya mama, na iko na yako." Nikamwambia kwamba safari hii sitasaini. "Kutosaini ni kazi?" alisema Solange. "Ile ya kwanza ingali inasema." Akakata simu, na alikuwa na haki.

Ingé alinipigia mara tatu, mara ya tatu akiwa na hasira, na maoni yake mapya yalikuwa kwamba watu kama mimi ndio wanaoirudisha nchi nyuma. Nilimrudishia karatasi yake bila sahihi. Tarehe nane Julai nilimkabidhi dereva wa lori la kwenda Walikale barua ifuatayo, nakala tatu.

*Kwa Mkuu wa Ofisi ya Ardhi, Walikale. Nakala kwa Solange na kaka zake. Nakala kwa Bwana Ghislain.*

*Mheshimiwa, mimi niliyesaini chini ya tamko la Mama Bernadette kuhusu msitu wa ukoo wa baba yake, natamka kwamba tamko hilo ni la uongo, na kwamba uongo huo ni wangu. Alinieleza waziwazi kuwa alitolewa kwa mizimu ya ukoo wake kwa desturi, kuwa hakuolewa, na kuwa watoto wake ni wa baba yake. Sikuandika hivyo. Niliandika Inconnu, kwa kuwa niliamriwa na kwa kuwa niliogopa kuchekwa. Aliponiuliza nimeandika nini, nilimjibu kwamba nimeandika alivyosema, na kwa sababu ya jibu hilo akasaini. Sahihi yake kwa hiyo haina nguvu. Yangu naiondoa, juu ya msitu huu na juu ya kila msitu ulioandikwa Inconnu kwa mkono wangu. Wanawake hao naweza kuwataja mmoja mmoja. Nitafika kutoa ushahidi siku mtakayoniita, na kama sheria ina adhabu kwa jambo hili, siiombei punguzo.*

*Naomba barua hii isomwe mbele ya Mama Bernadette kwa Kinyanga, polepole, watoto wake wakiwapo. Naomba pia awepo mtu mwenye kalamu. Akiwa na la kusema juu yangu, hata kama ni laana, liandikwe lote kama atakavyolisema, na liwekwe katika faili pamoja na barua hii.*